Aliyesimama Kivulini

Kopo lilikuwa la biskuti, lina kutu kwenye ukingo, na baba mkubwa alinikabidhi mbele ya watu ili baadaye isije ikasemwa nililichukua tu. Ilikuwa Desemba, ile wiki ambayo Mkuu inajaa magari yaliyotoka Dar, Arusha na Mwanza, na sisi tuliotawanyika tunarudi kula ndizi na kuangaliana nani kanenepa. Ndani ya kopo mlikuwa na picha 214. Nilizihesabu na shangazi juu ya kitanda chake, yeye akizishika kwa ncha za vidole kama chapati iliyotoka jikoni sasa hivi.

"Wewe ndiye msomi wa kompyuta," baba mkubwa alisema. "Zitoe humu kabla panya hawajazimaliza."

Alichotaka ni tovuti ya ukoo, yenye neno la siri, ambayo hata ndugu walioko Muscat wangeweza kuifungua. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili, tasnifu yangu imekwama, na kazi yoyote isiyo tasnifu ilionekana tamu. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Kuskani kulichukua siku nne. Picha ya sentimita 13 kwa 18, ukiiskani kwa nukta 600 kwa inchi, inakupa pikseli karibu milioni 13. Ni nzuri kwa kuhifadhi, lakini huwezi kumtumia shangazi mwenye bando la siku. Kwa hiyo tovuti inapaswa kutengeneza nakala za kila picha: kijipicha cha mraba kwa ajili ya ukurasa wa mbele, nakala ya wastani ya kujaza kioo cha simu, na ile kubwa ibaki kwa anayetaka kuchapa. Kazi hiyo hakuna anayeiandika upya. Unaazima maktaba. Waandika programu wanaiita maktaba ingawa haina rafu wala vitabu; ni msimbo ambao mtu mwingine ameshauandika na kuutolea jasho, wewe unauita kwa jina ukufanyie kazi.

Hapo ndipo nilipopotelea kwa wiki mbili, na nakiri nilifurahia.

Nilianza na Pillow kwa sababu ya Python, lugha ninayoizoea. Jina maana yake mto wa kulalia, na limetokana na maktaba ya zamani iliyoitwa PIL, ya Fredrik Lundh, ambayo ilibaki bila kutunzwa hadi Alex Clark alipoichukua mwaka 2010 na kuiendeleza kwa jina jipya. Napenda historia za namna hiyo. Shamba limeachwa, jirani anaingia na jembe. Ila huyu hakuna aliyemgombeza.

Kisha ImageMagick, mzee wao. John Cristy aliianza mwaka 1987 akiwa kampuni ya DuPont, ikatolewa bure kwa watu mwaka 1990, na inasoma aina za mafaili zaidi ya 200, zikiwemo ambazo sidhani kama kuna mtu Rombo amewahi kukutana nazo. Uwezo huo ndio uliokuja kuiponza. Mwaka 2016 liligunduliwa tundu: faili linalojidai ni picha lingeweza kubeba amri ndani yake, na seva ikazitekeleza. Lilizibwa, lakini lilinifundisha kumwogopa mgeni anayekula kila kitu. Tatizo langu kubwa zaidi lilikuwa kumbukumbu. Seva niliyokodi ilikuwa na MB 512 tu, na ukikokotoa baiti 8 kwa kila pikseli, kama ilivyo kwenye toleo lake la biti 16, picha yangu moja inafungua mdomo na kumeza zaidi ya MB 100 kabla hujaifanya lolote. Binamu watano wakipakia picha kwa pamoja usiku wa Krismasi, seva inazimia.

Nikaishia kwenye libvips. Hii ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980, katika mradi ulioitwa VASARI, ambamo jumba la sanaa la National Gallery la London lilitaka kupiga picha michoro yake ya kale kwa ukubwa na usahihi wa kutosha kupima jinsi rangi zinavyobadilika kadiri miaka inavyopita. Kompyuta za wakati ule zilikuwa ndogo kuliko picha zenyewe. Kwa hiyo ikajengwa kwa akili ya mtu maskini: haichukui picha nzima mara moja, inaichukua kipande kipande, inakifanyia kazi, inakiandika, inaendelea. Kama kubeba maji kutoka mfereji kwa ndoo ndogo badala ya kusubiri upate pipa. Nilipojaribu kwenye seva yangu, picha zote 214 zilipita na sikusikia seva ikikohoa. Faili la MB 20 likashuka hadi nakala ya wastani yenye KB 70, na shangazi alipoifungua akiwa njiani kwenda sokoni akaniandikia kwamba hata ushonaji wa kola unaonekana.

Nilikuwa na jedwali. Safu ya kwanza sekunde, ya pili kumbukumbu, ya tatu ukubwa wa faili. Msimamizi wangu angelifurahia kuliko sura yoyote ya tasnifu niliyowahi kumpelekea.

Kulikuwa na aibu ndogo ndogo njiani. Binamu zangu waliongeza picha walizopiga kwa simu, na asubuhi moja nusu ya ukoo ilionekana imelala ubavu. Simu huwa haigeuzi picha yenyewe. Inaandika pembeni, kwenye maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, kwamba huyu ageuzwe. Mimi nilikuwa nimeyafuta maelezo kabla ya kuyatii. Na vizuri nilifuta, maana humo humo simu nyingi huandika mahali picha ilipopigwa, na sikutaka ramani ya makaburi yetu na nyumba ya bibi anayelala peke yake izunguke duniani. Unageuza kwanza, halafu unafuta. Mistari miwili, lakini mpangilio wake ndio kila kitu.

Limebaki suala la mraba.

Ukurasa wa mbele ulikuwa na vijipicha vya mraba, vimepangwa kama vigae. Picha za zamani si za mraba. Kwa hiyo lazima kitu kikatwe. Ukiiambia programu ikate katikati, picha za kikundi zinapoteza watu wa pembeni, na picha ndefu zinapoteza vichwa. Niliona bibi yangu asiye na kichwa, nikatafuta njia nyingine, na nikakuta kipande cha programu kinachojitegemea ambacho kinatazama picha na kuamua chenyewe sehemu yenye maana iko wapi. Kukitumia ni kuandika neno moja. Nikaliandika. Nikaendesha picha zote, nikakagua kama ishirini hivi, zote safi: keki ya ubatizo, nyuso za watoto wa komunyo, Mawenzi nyuma ya migomba. Nikatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kulala.

Ili uelewe kilichotokea asubuhi, inabidi nieleze kuhusu masale. Kwetu uchagani mpaka wa kihamba na kihamba unapandwa kwa masale, ule mmea wa majani marefu ya kijani ambao pia ndio unaopelekwa kuomba msamaha. Babu yangu alikuwa mtoto wa kwanza. Mdogo wake, tuliyemwita babu mdogo, ndiye kitinda mimba, na kwa desturi nyumba ya wazazi ilibaki kwake. Kati ya vihamba vyao kuna mstari wa masale ambao wakati fulani ulisogea hatua tatu. Nyumba yetu inasema ulisogezwa kuelekea kwetu. Nyumba yao inasema ulirudishwa ulipokuwa. Wote wawili wamelala kwenye udongo huo huo sasa, na watoto wao wanasalimiana kwenye misiba tu.

Picha yenyewe ni ya mwaka 1978, harusi ya baba mkubwa, mbele ya nyumba ya zamani. Ni ya rangi, ila rangi imekimbilia wekundu kama picha nyingi za miaka ile. Katikati kuna bi harusi, keki, na babu yangu kwa shati jeupe. Mwisho kabisa upande wa kulia, chini ya kibaraza, amesimama babu mdogo kwa koti jeusi, mikono nyuma. Kwa kadiri shangazi anavyojua, hiyo ndiyo picha pekee ambayo ndugu hao wawili wamo pamoja.

Kwenye ukurasa wangu, mraba ulikuwa na bi harusi, keki na shati jeupe.

Baba mdogo, mtoto wa babu mdogo, hakugusa picha ili ifunguke nzima. Nani hugusa? Alipiga picha ya kioo cha simu yake, akaiweka kundini na kuandika: "Naona mzee wetu alianza kutolewa kihambani, sasa ametolewa hata pichani." Ujumbe ukasomwa na watu thelathini na kitu. Hakuna aliyejibu. Mtu akatuma salamu za Jumapili asubuhi, akazifuta.

Nilimpigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

Nilimwambia hakuna aliyenituma, ni mashine ndiyo iliyokata, mimi sikuchagua picha hata moja. Alininyamazia kwa muda ambao nilisikia kuku upande wake.

"Mashine ilijuaje imkate yeye?"

Nikasema ni bahati mbaya tu. Nilisema hivyo kwa sababu niliamini hivyo, na pia kwa sababu nilitaka simu iishe.

Usiku ule sikuweza kufanya kazi nyingine, nikafungua msimbo wa kile kipande cha programu. Ulikuwa wazi kwa yeyote, mistari michache tu, umeandikwa vizuri. Kinatafuta vitu vitatu: sehemu zenye mistari na kingo nyingi, sehemu zenye rangi kali, na ngozi ya binadamu. Ngozi imeandikwa kwa tarakimu tatu, 0.78, 0.57 na 0.44, nyekundu, kijani na bluu. Mwandishi wake hakuwa mjinga. Tarakimu hizo zinalinganishwa kwa uwiano wa rangi, si kwa mwanga, kwa hiyo ngozi nyeusi kwenye jua inaweza kupita. Lakini chini yake kuna kizingiti. Kitu chochote chenye mwangaza chini ya 0.2 hakihesabiwi kuwa ngozi hata kama ni ngozi.

Nikachukua picha ya harusi na kupima uso wa babu mdogo, pikseli kwa pikseli. Chini ya kibaraza, kwenye filamu iliyochakaa, uso wote ulikuwa chini ya kizingiti. Gauni la bi harusi lilikuwa na lesi, kingo mamia. Keki ilikuwa na maua ya rangi kali. Babu yangu alikuwa juani. Haikuwa bahati mbaya hata kidogo. Ungeendesha mara elfu, ingemkata mara elfu.

Baadaye nilisoma kwamba si mimi wa kwanza kukutwa na haya. Mwaka 2020 watumiaji wa Twitter walianza kuonyeshana jinsi ukataji wa picha wa mtandao ule ulivyopendelea nyuso nyeupe. Kampuni ikajipima yenyewe, ikakuta kweli kuna upendeleo kwa weupe na kwa wanawake, ingawa si mkubwa sana, na mwaka 2021 ikaachana na ukataji huo kwenye picha nyingi. Na nyuma zaidi, kabla kompyuta hazijaingia, maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley. Huenda filamu ya 1978 ilikuwa imeshampunguza babu mdogo kabla mimi sijazaliwa, na mimi nimekuja kumalizia.

Ila hayo nayasema hapa. Baba mdogo sikumweleza habari za Kodak. Nilimpigia kesho yake, nikamwambia nilikosea kusema ni bahati mbaya. Nikamweleza kuhusu kizingiti: mashine ina kipimo cha giza, na mzee amesimama ndani ya giza hilo, kwa hiyo haikujua kwamba pale kuna mtu.

"Kwa hiyo ilimwona kama ukuta."

"Ndiyo, baba."

"Basi haijawashinda ninyi."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa na jedwali lenye safu tatu, na hakuna safu hata moja iliyouliza nani amebaki ndani. Picha ishirini nilizokagua, nilipozirudia, zilikuwa za nyumba yetu zote. Sikuzichagua kwa makusudi. Nilikagua nyuso ninazozijua, nikaona zipo, nikaridhika.

Kiufundi, marekebisho yalikuwa madogo. Sikubadilisha maktaba. libvips ilibaki inapunguza na kuandika kama ilivyokuwa, lakini uamuzi wa wapi pakatwe niliuondoa kwa mashine kabisa. Kila picha ikapewa tarakimu mbili kwenye hifadhidata, umbali kutoka kushoto na umbali kutoka juu, na nikatengeneza ukurasa mmoja ambao mtu anagusa picha pale anapotaka mraba uwe na kitovu. Picha 214, miguso 214. Ningeweza kuimaliza mwenyewe kwa jioni moja. Tatizo ni kwamba nisingejua nimguse nani.

Pasaka nikapanda basi kurudi Mkuu, nikamsalimia shangazi, na badala ya kukaa nikavuka masale na laptopu kwapani. Sikuwa nimeingia nyumba ile tangu nikiwa darasa la nne. Baba mdogo alinipa kiti kinachotazama dirishani, mke wake akaleta mtori, na kwa nusu saa tuliongelea mvua. Kisha akavaa miwani.

Anagusa kwa kidole kinene, taratibu, kama anayeminya embe kujua limeiva. Kila picha alitaka kwanza aseme nani ni nani, na mimi nikawa naandika. Huyu ndiye aliyekuwa akipima kahawa chamani. Huyu alikufa kabla hajapewa jina la ubatizo, picha hii ilipigwa akiwa ameshakufa, usimkate. Huyu mwanamke nyuma ya sufuria, mimi nilidhani ni jirani aliyesaidia kupika, kumbe ni dada wa babu zetu wote wawili, na yumo kwenye picha kumi na moja, kila mara nyuma ya kitu: sufuria, mlango, bega la mtu. Kwa mpangilio wa zamani alikuwa amekatwa kwenye kumi. Baba mdogo alimgusa kwenye zote. Kwenye picha mbili nilijaribu kubisha, maana mraba ulibaki na yeye na ukuta mtupu, bwana harusi ametoka nje. "Bwana harusi ana picha zake nyingi," alisema.

Tulipofika kwenye ile ya 1978 alishusha miwani, akaipandisha. Hakuna mraba unaoweza kuwashika wote wawili. Tulijaribu mara nne. Mwishowe nikaandika sharti jipya: picha hii isikatwe, ipunguzwe nzima, na juu na chini kubaki na utepe wa kijivu. Kwenye simu inaonekana ndogo kuliko nyingine, kama kigae kilichovunjika. Binamu yangu anayesomea usanifu ameshaniandikia mara mbili kwamba ukurasa una hitilafu.

Giza lilikuwa limeanza kuingia nilipofunga laptopu. Baba mdogo aliingia chumbani, akakaa humo muda, akatoka na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mpira.

"Hizi nazo zina nafasi humo?"

Nilizihesabu mbele yake, kama nilivyofundishwa na kopo. Thelathini na moja. Nyingi za miaka ya 1980, kipaimara, ng'ombe, pikipiki mpya. Moja ilikuwa nyembamba kuliko nyingine. Babu mdogo amesimama juani safari hii, anacheka, na mkono wa mtu uko begani kwake. Mkono tu. Kuanzia kwenye kiwiko picha imekatwa kwa mkasi, mstari umenyooka vizuri, wa mtu ambaye hakuwa na haraka. Kwenye kidole kulikuwa na pete ya babu yangu, ambayo sasa anaivaa baba mkubwa.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama dirishani.

"Hiyo usiulaumu mtambo," alisema.

Niliiskani kama ilivyo. Ukurasa wa kugusa ulipofunguka nikamsogezea, na akaweka kidole juu ya ule mkono.